Televisheni ya intaneti: tusifungue mlango bila sababu

Nyumba nyingi leo zina televisheni yenye intaneti. Video ikikwama, kijana fundi anatuambia lazima "afungue poti" ndani ya ruta. Tuelewe kwanza maana yake.

Ruta ni kama mlinzi wa lupango. Televisheni ikiomba video, mlinzi anakumbuka ombi na kupokea jibu lake. Kwa hiyo kutazama YouTube hakudai poti yoyote. Kufungua poti ni kumwambia mlinzi: mgeni yeyote akigonga hapa, umpeleke moja kwa moja kwenye televisheni. Hiyo inamfaa mtu anayetaka kufikia mashine yake ya nyumbani akiwa mbali.

Hatari ipo. Mnamo Januari 2019, wadukuzi walipitia poti zilizobaki wazi, wakarusha video yao kwenye vifaa vya Chromecast na televisheni za watu wasiowajua. Kesho mwingine anaweza kuwarushia watoto wetu mambo machafu.

Basi, tufanye hivi. Kwenye simu iliyoungwa na Wi-Fi ya nyumbani, tuandike anwani iliyo chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tubadilishe neno la siri lililotoka kiwandani. Tufute poti tusizozijua. Tuzime UPnP, maana inafungua poti yenyewe bila kutuuliza.

Na video ikikwama bado? Tusogeze ruta karibu na televisheni, au tuziunganishe kwa waya. Mlango wa nyumba tunaufunga kila usiku. Na huu tuufunge.