Daktari wa Kurekebisha Maumbo: Uliza Kabla ya Kisu



Mkulima wa Lumuma akishauza vitunguu vyake, fedha ina kazi nyingi: ada ya shule, mbegu, bati za nyumba na matibabu. Siku hizi imeongezeka kazi nyingine. Kijana aliyeko mjini anaweza kupiga simu nyumbani akiomba achangiwe fedha za "kutengeneza umbo", yaani kupunguza tumbo, kuongeza makalio au kunyoosha pua. Ameona picha katika simu yake na ameambiwa daktari yupo. Wakati huo huo, pale pale kijijini, huenda yupo mtoto ambaye mkono wake umeshikana na kifua tangu alipoungua, na wazazi wake hawajaambiwa kwamba upo uwezekano wa kuufungua.

Wote wawili wanamtafuta daktari wa aina moja. Inafaa basi familia zetu zimfahamu daktari huyu na zijue namna ya kumchagua.

SI PLASTIKI YA NDOO

Wengi wakisikia "upasuaji wa plastiki" hudhani mgonjwa huwekewa plastiki mwilini. Sivyo. Neno hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi anavyoupa udongo umbo. Daktari huyu huweza kuchukua ngozi nzuri ya paja na kuipandikiza mahali palipoungua, kuunganisha mdomo uliopasuka, au kuachanisha vidole vilivyoshikana. Kwa Kiswahili twaweza kuuita upasuaji wa kurekebisha maumbo.

Elimu hii ilikua sana wakati wa vita kuu mbili za dunia. Harold Gillies aliwatibu askari walioharibika nyuso katika vita ya kwanza, naye Archibald McIndoe akawatibu marubani walioungua katika vita ya pili. Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na Michael Wood na Thomas Rees, wote madaktari wa fani hii, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege hapa Afrika Mashariki. Huduma hiyo ndiyo iliyokua ikawa shirika la Amref. Kwa hiyo fani hii haikuja kwetu kwa ajili ya urembo. Ilikuja kwa ajili ya wagonjwa wa vijijini.

WANAOMHITAJI KWANZA

Kundi la kwanza ni walioungua. Jikoni kwetu kuna mafiga matatu, chungu cha uji na mtoto anayetambaa. Wapo pia wenye kifafa, ugonjwa unaowasumbua wengi mkoani Morogoro, hasa upande wa Mahenge. Mgonjwa huanguka motoni, na majirani wengine huogopa kumtoa wakidhani mate yake yataambukiza. Ndugu msomaji, kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Mtoe motoni mara moja!

Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Kisha mfunike kwa kitambaa safi na kumpeleka zahanati au hospitali. Kidonda kikiwa karibu na kiungo kama kiwiko, goti au shingo, mwulize mhudumu namna ya kukinyoosha kiungo wakati wa kupona. Mgonjwa akiachwa amejikunja, kovu husinyaa na kuufunga mkono au mguu. Hata ukifunga, usikate tamaa. Mara nyingi kovu huweza kufunguliwa na kupandikizwa ngozi.

Kundi la pili ni watoto wanaozaliwa na mdomo wazi au kaakaa lililopasuka. Si laana, wala si kosa la mama. Mtoto anyonyeshwe akiwa amekaa wima. Akishindwa, mama akamue maziwa na kumnywesha polepole kwa kijiko au kikombe. Mdomo huweza kurekebishwa kuanzia umri wa miezi 3 hivi, mtoto akiwa na uzito na damu ya kutosha. Kaakaa hufuata baadaye, mara nyingi kabla ya miezi 18, ili mtoto ajifunze kusema vizuri. Uliza katika hospitali iliyo karibu nawe, iwe ya Mtakatifu Kizito Mikumi au ya serikali, upewe barua ya rufaa. Jijini Dar es Salaam, hospitali za CCBRT na Muhimbili zinajulikana kwa kazi hii. Uliza pia habari za msaada, kwa kuwa upasuaji wa midomo ya watoto mara nyingi hulipiwa na wafadhili.

UPASUAJI WA UREMBO

Sasa turudi kwa yule kijana wa mjini. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza kutoa pia huduma ya kurekebisha maumbo kwa ajili ya mwonekano. Hivyo si kweli kwamba kila anayefanya kazi hii ni tapeli. Lakini si kweli pia kwamba ni jambo jepesi kama kusuka nywele.

Kunyonya mafuta ya tumbo ni upasuaji kamili. Kuna hatari ya dawa ya usingizi, kutoka damu, usaha, na damu kuganda na kwenda kuziba mapafu. Mwaka 2005 mke wa Rais wa Nigeria, Stella Obasanjo, alifariki nchini Hispania baada ya upasuaji wa namna hiyo. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo jijini Nairobi. Kuongeza makalio kwa kuchoma sindano za mafuta kuna hatari zaidi, kwa kuwa mafuta yakiingia katika mshipa mkubwa wa damu huenda hadi moyoni na mapafuni. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake wasimamishe kazi hiyo kwanza.

NAMNA YA KUMCHAGUA DAKTARI

1. Uliza jina lake kamili, kisha hakikisha limo katika orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Koti jeupe si cheti.

2. Uliza kama ni bingwa wa fani hii hasa, na alisomea wapi. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, ni mojawapo ya vinavyotahini mabingwa hao.

3. Uliza upasuaji utafanyiwa wapi. Pawe ni hospitali iliyosajiliwa, yenye mtaalamu wa dawa ya usingizi, oksijeni na damu. Chumba cha saluni si mahali pa kisu wala sindano.

4. Mweleze maradhi yako yote: kisukari, shinikizo la damu, selimundu, mimba, na dawa unazotumia. Usimfiche habari za mkorogo, kwa kuwa krimu nyingine hudhoofisha ngozi na kuchelewesha kidonda kupona.

5. Kama makovu yako huvimba na kukua, mwambie. Ngozi ya Mwafrika ina tabia hiyo zaidi, na kovu la urembo laweza kuwa baya kuliko kasoro ya kwanza.

6. Uliza ni nani atakayekuangalia usiku kukiwa na tatizo, na gharama yake ni ya nani.

7. Daktari mzuri hueleza hatari bila kuulizwa, na huweza kukuambia, "Huhitaji." Anayekuharakisha ulipe leo, mkimbie.

KANISA LINASEMAJE?

Tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufariki, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa fani hii wa Italia. Hakuulaani upasuaji wa urembo wenyewe. Alifundisha kwamba nia iwe njema, afya ilindwe, na sababu iwe ya maana, inayolingana na hatari yake. Katekisimu nayo, namba 2289, inatuonya tusiugeuze mwili kuwa kitu cha kuabudiwa.

Basi, mzazi, mwanao akikuomba fedha za umbo, usianze kwa matusi. Mwulize ni nani aliyemdharau hata akauchukia mwili wake. Pengine dawa anayoihitaji ni maneno mema kutoka kwako. Na akishikilia nia yake, msomee yale maswali saba.

Nasi tulio katika jumuiya ndogo ndogo, tutazame nyumba za jirani. Mtoto anayefichwa ndani kwa sababu ya kovu au mdomo wake aletwe hospitali. Fedha ya vitunguu ikipungukiwa nauli, jumuiya ichange.