Swichi Zilizo Ndani ya Jani

Wanangu, siku mkitoka Kitengela kwenda Isinya, simameni kidogo njiani upepo wa mchana unapovuma. Kwenye ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu mtauona mgunga mfupi ambao Wamaasai huuita eluai. Kati ya miiba yake mirefu kuna vinundu vyeusi vyenye matundu, na upepo ukipita humo, mti unapiga mluzi. Waliotoboa matundu hayo ni sisimizi. Mti umewapa nyumba ndani ya vinundu na maji matamu kwenye majani. Nao, twiga akileta ulimi, wanamvamia na kumuuma.

Ulinzi huo una gharama. Jani hupika sukari kwa mwanga wa jua, na sukari hiyo ndiyo mfuko wa pekee wa mti. Ikishatumika kutengeneza mwiba, haipo tena ya kurefusha tawi. Mfugaji wa Kajiado, mvua ikikosa, huswaga ng'ombe wake akafuata nyasi ziliko. Mti haukupewa miguu. Unabaki pale pale ulipoota, na kila siku unaamua: nikue, au nijilinde?

Unaamuaje na hauna ubongo? Hapo ndipo panaponifurahisha mimi. Kila seli ya mmea imebeba jeni zote, maelfu kwa maelfu, lakini haizitumii zote kwa wakati mmoja. Karibu na kila jeni kuna kipande kinachofanya kazi ya swichi, na protini maalumu hukaa hapo kuiwasha au kuizima.

Tazameni mahindi msimu ambao mvua imekatika mapema. Saa sita mchana majani yamejikunja kama mkeka. Udongo ulipokauka, mmea ulitengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo ikaviamuru vile vitundu vidogo vya jani vijifunge, maji yasitoroke. Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo mlango wa kaboni dioksaidi, na bila hewa hiyo jani haliwezi kupika sukari. Mmea unaepuka kiu kwa kukubali njaa. Wakati huohuo jeni za kuilinda seli zinawashwa, na nyingi za kukuza zinazimwa. Mvua ikirudi, homoni ile inavunjwavunjwa, kazi ya kukua inaanza tena.

Mtauliza: kwa nini jeni za ulinzi zisiachwe zikiwaka siku zote? Watafiti wa Japani walilijaribu jambo hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Walitumia kimmea kiitwacho arabidopsisi, na jeni moja, DREB1A, iliyo kama nyapara: ikiamka, huamsha jeni nyingine nyingi za ulinzi. Wakailazimisha iwake usiku na mchana. Mimea ilistahimili ukame, chumvi na baridi kali, lakini ikadumaa. Basi wakabadilisha swichi peke yake, wakaweka inayowaka shida inapofika. Safari hii mimea ilikua karibu kama kawaida, na shida ilipokuja ikastahimili kuliko hata ile iliyodumaa. Jeni ilikuwa ile ile!

Turudi kwa mgunga wetu. Kule Mpala, Laikipia, sehemu za mbuga zilizungushiwa ua mwaka 1995 ili wanyama wakubwa wasiingie. Bila twiga wala tembo, miti ya ndani ikaanza kuota miiba mifupi, vinundu vichache, na kutoa maji matamu kidogo. Hakuna aliyegusa jeni zake. Mngedhani sasa itanenepa kwa sukari iliyookoa. Lakini baada ya miaka kumi hivi, sisimizi walinzi walikuwa wamepungua, wengine wasiojali kulinda wakachukua nafasi yao, na mbawakawa wanaotoboa shina wakazidi. Miti ikakua polepole, na mingi zaidi ikafa.

Hapa Kitengela nyua zinaongezeka, ploti baada ya ploti. Kwa hiyo nina kazi kwenu. Tafuteni ua wenye mgunga huu ndani na nje, mwombeni mwenye ploti ruhusa, mchukue rula. Pimeni miiba kumi ya matawi mapya upande wa ndani, mbuzi wasikofika, na kumi upande wa nje. Andikeni vipimo kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha mniletee.