Badala ya Mkate na Tambi: Hesabu ya Wanga katika Sahani ya Mwenye Kisukari

Katika kliniki za kisukari, swali "Nikiacha mkate, nile nini?" huulizwa karibu kila siku. Ni swali la haki. Mkate wa asubuhi, chapati za jioni na tambi za futari si chakula cha kushibisha tu, bali ni sehemu ya ukarimu wa nyumba na desturi za familia. Mgonjwa anayeamriwa kuviacha bila kuonyeshwa badala yake hufuata mojawapo ya njia tatu: hula kwa siri, hubadili jina la chakula huku wanga ukibaki uleule, au hujinyima kabisa ilhali anaendelea kutumia dawa kwa kipimo kilekile. Njia mbili za kwanza huharibu matibabu polepole. Ya tatu inaweza kumwangusha mtu usiku mmoja.

Makala haya yanaeleza mkate na tambi hufanya nini mwilini, ni vyakula gani vinavyoweza kushika nafasi yake katika jiko la kawaida la Afrika Mashariki, na ni nani asiyepaswa kufanya badiliko hilo bila kuonana na daktari kwanza.

Unga hugeuka kuwa sukari

Takriban robo tatu ya uzito wa unga mweupe wa ngano ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za glukosi. Vimeng'enya vya mate huanza kuukata mnyororo huo mdomoni, vile vya kongosho humaliza kazi katika utumbo mwembamba, kisha glukosi huingia katika damu. Ndiyo maana kipande cha mkate kisicho na utamu wowote ulimini hupandisha sukari sawasawa na chakula kingine chenye wanga.

Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hutoa insulini ya kutosha na glukosi huingizwa katika seli. Katika kisukari cha aina ya pili, insulini haitoshi au mwili hauitikii ipasavyo. Katika aina ya kwanza, kongosho limekoma kuitengeneza au hutengeneza kidogo mno. Kwa wote hao, kiasi cha wanga katika mlo mmoja ndicho kinachoamua kwa sehemu kubwa sukari itapanda kiasi gani baada ya kula.

Kasi nayo ina nafasi yake. Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba vyakula vyenye wanga wa kiasi kimoja havipandishi sukari kwa namna moja. Tambi za ngano, hasa zikitolewa motoni zingali na ugumu kidogo, hupandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe, kwa sababu wanga wake umefungwa ndani ya wavu wa protini. Hata hivyo, faida hiyo huliwa na ukubwa wa sahani. Tambi zilizopikwa hadi kulainika kabisa, zikatiwa sukari na tui, huwa mzigo mara mbili.

Hesabu ya jikoni

Mgonjwa hahitaji maabara ili kujua anakula wanga kiasi gani. Anahitaji kukumbuka jambo moja: kila gramu 100 za unga wa ngano au za tambi kavu zina takriban gramu 75 za wanga.

Kipande kimoja cha mkate chenye uzito wa gramu 30 kina takriban gramu 15 za wanga. Nusu kilo ya unga ikitoa chapati saba, kila chapati hubeba takriban gramu 54, yaani zaidi ya vipande vitatu vya mkate. Robo ya pakiti ya tambi ya nusu kilo hubeba takriban gramu 94, sawa na vipande sita. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa "acha mkate" naye akahamia chapati mbili kwa chai, ametii neno la mhudumu na kuongeza wanga maradufu na zaidi.

Kosa hilo huonekana pia katika bidhaa zenye majina ya kuvutia. Mkate wa rangi ya kahawia huweza kuwa wa unga mweupe uliotiwa rangi. Kinachosema kweli ni orodha ya viambato, siyo rangi. Mkate wa unga usiokobolewa una nyuzinyuzi na vitamini zaidi, na kwa hiyo ni bora kuliko mweupe, lakini wanga wake haupungui sana. Maandishi "bila sukari" hayamaanishi bila wanga. Bidhaa zisizo na gluteni hutengenezwa mara nyingi kwa mchele, mahindi au muhogo. Zinamfaa mtu ambaye mwili wake haustahimili gluteni, wala hazikukusudiwa kupunguza sukari. Na ugali wa dona, pamoja na sifa zake zote za nyuzinyuzi, bado ni chakula cha wanga kinachohitaji kupimwa.

Ushahidi unasemaje

Wazo la kupunguza wanga ni kongwe kuliko insulini yenyewe. Katika karne ya 19, daktari Mfaransa Apollinaire Bouchardat aliwatengenezea wagonjwa wake mkate wa gluteni, uliotolewa sehemu kubwa ya wanga, ili wapate kitu kinachofanana na mkate waliouzoea. Alielewa kwamba ushauri wa chakula usioheshimu mazoea ya mlaji haudumu.

Katika wakati wetu, ripoti ya Chama cha Kisukari cha Marekani ya mwaka 2019 ilieleza kwamba kupunguza jumla ya wanga ndiyo hatua ya lishe yenye ushahidi mwingi zaidi katika kuboresha sukari ya damu. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba hakuna kiwango kimoja cha wanga kinachomfaa kila mgonjwa. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri kwamba wanga utokane hasa na nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mashauri haya mawili hayapingani: wanga upungue, na ule unaobaki uwe bora.

Kinachoweza kushika nafasi ya mkate

*Mayai na mboga.* Yai halifikishi hata gramu moja ya wanga. Mayai mawili yaliyokaangwa kwa mafuta machache pamoja na mchicha, kitunguu na nyanya yanaweza kuwa kifungua kinywa kamili, au yakatandazwa kama chapati nyembamba ya kuviringishia mboga.

*Unga wa dengu.* Huu ni unga uleule wa kutengenezea bajia, nao hupatikana katika masoko mengi ya mijini na pwani. Gramu 100 zina takriban gramu 58 za wanga, lakini pia gramu 22 za protini na kiasi kizuri cha nyuzinyuzi, na wanga wa jamii ya kunde humeng'enywa polepole. Gramu 40 za unga huo, zikikorogwa kwa maji, chumvi kidogo, kitunguu na kotmiri, hutoa chapati ya maji moja kubwa yenye takriban gramu 23 za wanga. Hii si nusu ya wanga wa chapati ya ngano iliyotajwa hapo juu. Iive kwenye kikaango chenye mafuta ya kupaka tu. Bajia za kuzamishwa katika mafuta ni jambo jingine.

*Machicha ya nazi.* Mabaki ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui hutupwa katika nyumba nyingi, ilhali yakikaushwa vizuri na kusagwa hutoa unga ambao sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi zisizogeuka kuwa sukari. Unga huu hunyonya maji mengi wala haushikani wenyewe, hivyo huhitaji mayai ili kutoa mkate mdogo wa kuoka au wa kikaangoni. Machicha yaanikwe mara tu baada ya kukamua. Yakikaa na unyevu huota ukungu.

*Karanga.* Karanga zilizosagwa zinaweza kuchanganywa na mayai kwa namna hiyohiyo. Zichaguliwe kwa makini na zile zilizonyauka au kubadilika rangi zitupwe, kwa kuwa sumukuvu si hatari ya kufikirika: mwaka 2016 ilisababisha maradhi na vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi, na karanga zisizohifadhiwa vema hushambuliwa na kuvu yuleyule.

Kinachoweza kushika nafasi ya tambi

Kinachopendwa katika tambi mara nyingi ni mchuzi wake. Mchuzi ukibaki, kinachobebwa chini yake kinaweza kubadilika.

Kabichi iliyokatwa nyuzi ndefu nyembamba na kupikwa kwa mvuke kwa dakika chache huchukua mchuzi wa nyama au wa nyanya bila shida. Gramu 200 za kabichi mbichi zina takriban gramu 12 za wanga, na karibu gramu 5 kati yake ni nyuzinyuzi. Mumunye changa hukatwa vivyo hivyo. Zitiwe chumvi kidogo, ziachwe zichuje maji, kisha zipitishwe motoni haraka zisije zikarojeka. Biringanya lililokatwa vipande bapa na kuokwa hufaa kwa mapishi ya tabaka. Kwa wanaopenda wali kuliko tambi, koliflawa iliyokwaruzwa hufanya kazi hiyo mahali inapopatikana, na kabichi iliyokatwa ndogondogo hufanya hivyo kwa bei nafuu zaidi.

Ambaye hawezi kuacha tambi moja kwa moja ana njia ya kati: achanganye theluthi moja ya tambi na theluthi mbili za kabichi, na chakula cha protini kando. Mpangilio wa mlo pia husaidia. Mwaka 2015, watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari cha aina ya pili mlo uleule kwa siku mbili tofauti. Siku walipokula mboga na nyama ya kuku kwanza, kisha mkate na maji ya machungwa baada ya dakika 15, sukari yao ilipanda kwa kiasi kidogo kuliko siku walipoanza na mkate. Utafiti huo ni mdogo, lakini ushauri wake haugharimu kitu: mboga na protini zitangulie, wanga ufuate.

Hatari ya kubadili chakula bila kubadili dawa

Hapa ndipo mgonjwa na mhudumu wanapopaswa kutua. Dawa nyingi za kisukari hupangwa kwa kutazama chakula ambacho mgonjwa amezoea. Anayetumia insulini, glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, akiondoa ghafla mkate na chapati, anaweza kushukiwa na sukari hadi chini ya milimoli 4 kwa lita (miligramu 70 kwa desilita). Glibenklamidi inahitaji tahadhari ya pekee kwa wazee na kwa wenye figo dhaifu, kwa kuwa athari yake hudumu muda mrefu. Metformini ikitumiwa peke yake huleta hatari hiyo kwa nadra.

Dalili ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mgonjwa anayeweza kumeza apewe gramu 15 za sukari, yaani takriban vijiko vitatu vya chai vilivyoyeyushwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na arudiwe kama bado iko chini. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, bali afikishwe hospitalini mara moja. Katika dakika hizo hakuna mbadala wa sukari, na hofu ya sukari isimzuie mtu kuitoa.

Wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini wana hatari ya aina nyingine. Wanga ukipungua mno, damu inaweza kujaa asidi za ketoni hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana. Kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi ni sababu ya kwenda hospitalini siku hiyohiyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kamwe, hata siku asiyokula wanga. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye maradhi ya figo wasipunguze wanga kwa kiasi kikubwa bila usimamizi. Kwa wenye figo, hata protini na baadhi ya mboga huhitaji kipimo.

Vilevile, nafasi ya mkate isichukuliwe na soseji na vyakula vya kukaanga. Ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu ni miongoni mwa wauaji wakuu wa wenye kisukari, na sukari nzuri katika kipimo haifuti madhara ya mafuta mabaya na chumvi nyingi.

Namna ya kuanza

Badiliko lianze na mlo mmoja kwa siku, kwa kawaida kifungua kinywa, kwa muda wa wiki moja au mbili. Mwenye kipima sukari apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, aandike namba zote mbili pamoja na alichokula. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo la baada ya kula ni chini ya milimoli 10 kwa lita. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sukari ya damu ni vivyo hivyo: daftari hilo ndilo litakalomwezesha daktari kupunguza dawa kwa wakati, na litamwonyesha mgonjwa mwenyewe ni chakula kipi kinachomfaa.

Kwa mhudumu wa afya, kabla ya kutamka neno "acha", maswali manne yanatosha: Unakula nini asubuhi, na kwa kiasi gani? Unatumia dawa gani, na saa ngapi? Nani anapika nyumbani? Na nini kinapatikana sokoni kwenu kwa fedha uliyonayo? Unga wa lozi unaosifiwa katika vitabu vya mapishi vya ng'ambo hauna maana kwa familia isiyoumudu, ilhali kabichi, dengu, mayai na machicha ya nazi vimo ndani ya uwezo wa nyumba nyingi. Mpishi wa nyumba naye aalikwe kliniki, kwa sababu mlo mpya ukiwa wa familia nzima, mgonjwa hatabaki peke yake akitazama chapati za wenzake.