Kuzinduka si Kukata Tamaa

Siku hizi neno "kuzindua" husikika zaidi penye utepe na makasi. Huzinduliwa barabara, huzinduliwa kisima, huzinduliwa kitabu. Matumizi hayo si makosa. Lakini yafaa wanachama na wafanyakazi waikumbuke maana nyingine ya neno hilo, kwani ndani yake mna fundisho kubwa.

Lugha yetu ina vitenzi viendavyo viwili viwili, cha pili kikikitengua cha kwanza: kufunika na kufunua, kubandika na kubandua, kutandika na kutandua. Kuzindika na kuzindua ni wa jamii hiyo. Kuzindika ni kuweka dawa ya kulinda nyumba au shamba, na dawa hiyo huitwa zindiko. Kuzindua, basi, ni kuliondoa zindiko na kuzivunja nguvu zake. Tena ni kumgutusha aliyelala. Aliyezinduka ni yule aliyetokwa na usingizi, pamoja na ndoto aliyoidhania kweli.

Nchi nayo huzinduka. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, wito wa TANU ulikuwa "Uhuru na Kazi". Hata hivyo wapo waliotumaini kuwa fedha za wageni ndizo zitakazotujengea nchi. Mpango wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 1964 uliitegemea sana misaada na mikopo ya nje. Desemba 1965 Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni 7,500,000 ukazuiwa. Ndoto ikakatika. Je, wananchi walikaa wakalia? La hasha! Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitamka wazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu na juhudi yao, ardhi, siasa safi na uongozi bora.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Aliyekata tamaa huona kwamba ndoto imepotea, akakunja mikono. Aliyezinduka huona hivyo hivyo, lakini yeye huikunjua.

Kwa hiyo, utepe ukatwapo na ngoma zipigwapo, mwanachama hana budi kuuliza: maji yatatoka kesho? Nani atakitunza kisima, na kwa fedha zipi? Kisima kikizinduliwa leo, kesho kikakauka, na watu wakaendelea kupiga makofi, basi watu hao hawakuzinduliwa. Wamezindikwa.