Sonona haipimwi kwa wiki moja

Heru Juu, makao ya zamani ya mwami wa Heru wilayani Kasulu, salamu haifupishwi. Mwakeye, makofi ya taratibu, habari za watoto, za ng'ombe, za shamba. Ndiyo maana tulijua shangazi anaumwa siku alipoacha kuitikia.

Alikuwa ametoka kumzika mumewe. Maharage yalilala kwenye ungo siku tatu bila kuchambuliwa. Saa tisa usiku yuko macho, chakula hakishuki. Majirani walisema karogwa, wengine, uvivu. Zahanati moja ikampa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku, bila maelezo. Wiki ikapita: mdomo mkavu, kichwa kizito, huzuni ileile. Akaviacha.

Lawama si yake: hakuambiwa kwamba ni sonona, wala dawa yake hufanyaje kazi, jambo ambalo hata wataalamu bado wanalibishania. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa ya iproniazidi walichangamka ghafla. Ikaja kujulikana kwamba inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini, kemikali zinazobeba ujumbe kutoka seli moja ya ubongo hadi nyingine. Basi ikasemwa sonona ni upungufu wa kemikali hizo, kama gari lililoishiwa mafuta.

Maelezo hayo ni mepesi mno. Dawa hugusa kemikali ndani ya saa chache, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa Uingereza na wenzake walipitia tafiti za serotonini, wasikute ushahidi thabiti wa upungufu huo. Dawa huwasaidia wengi hata hivyo. Kinachobishaniwa ni namna inavyofanya kazi.

Mambo ni mengi kuliko kemikali moja. Kuna urithi wa ukoo. Kuna msongo usiokoma, unaozifanya tezi zilizo juu ya figo kumwaga kortisoli kupita kiasi. Na wengi walioumwa muda mrefu, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, huonekana imesinyaa. Wanasayansi wengi wanadhani dawa huzisaidia seli kuchipua miunganisho mipya, na kuchipua hakuharakishwi. Buha, nchi yetu ya Waha, inaujua msongo huo usiokoma: kambi ya Nyarugusu ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1996. Anayesema ni uvivu anamkosea mgonjwa.

Baadaye muuguzi mmoja alimkalisha shangazi, akamweleza yote, naye akavirudia vidonge. Wiki ya tano nikamkuta barazani, ungo mapajani, akitoa mawe kwenye maharage. Aliniuliza habari za ng'ombe. Vidonge bado anameza. Ameambiwa asiviache hata akijisikia mzima, walau miezi sita.