Kidonda Kisichopona: Dai Kipimo Kabla ya Kununua Dawa Nyingine

Kidonda kikikaa majuma kadhaa bila kupona, wengi hukimbilia duka la dawa kununua mafuta ya kupaka. Kabla ya kutumia fedha zaidi, fikiria lishmania ya ngozi, ugonjwa wa vimelea vinavyoenezwa na usubi jike. Nchini Kenya umeonekana Gilgil na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako usubi hujificha mapangoni na katika nyufa za miamba. Ukicheleweshwa, huacha makovu ya kudumu, mara nyingi usoni.

Sura zake

Kwa kawaida huanza kama kipele mahali palipoumwa, majuma au miezi baadaye. Kipele hugeuka kidonda chenye kingo zilizoinuka na shimo katikati, aghalabu kisicho na maumivu. Hata hivyo, huweza kufanana na choa, ukurutu au sunzua, kuvimbisha mdomo, au kuwa vinundu vilivyojipanga mkononi kama shanga. Vinundu vikienea mwilini hudhaniwa kuwa ukoma. Ganzi kwenye baka huashiria ukoma, lakini kukosekana kwa ganzi hakuthibitishi lolote. Aliyewahi kutibiwa kala-azar akitokwa na madoa au vipele usoni, naye apimwe.

Kipimo kinachofaa

Kwa kuwa macho hayatoshi, mhudumu hukwangua ukingo wa kidonda au hukata kipande kidogo cha ngozi, kisha maabara huchunguza sampuli kwa hadubini. Vimelea visipoonekana, usidhani umepona, kwani katika vidonda vya zamani huwa vichache. Omba kipimo kirudiwe, au upewe rufaa kwa kipimo cha vinasaba. Kipimo cha haraka cha damu kinachotumika kwa kala-azar hakitegemewi kwa lishmania ya ngozi. Usikilipie kwa tarajio hilo.

Tahadhari ya mafuta

Mafuta yenye steroidi hupunguza wekundu na mwasho, lakini hudhoofisha kinga ya ngozi na kubadili sura ya kidonda, hata mtaalamu akapotea. Ikiwa umeyatumia, nenda na kasha lake kliniki.

Haki yako

Mweleze mhudumu ulikosafiri na ulikolala miezi iliyopita. Uliza anashuku ugonjwa gani, kipimo gani kitauthibitisha na gharama yake ni kiasi gani. Dai stakabadhi na nakala ya majibu, ili hospitali nyingine isianze upya kwa fedha zako.