Habari za Idara ya Tiba ya Familia: Kwa Nini Makanisa Yetu Yazisome



Shule za udaktari zina desturi ya kutoa habari za idara zao: mkuu mpya ameteuliwa, asistanti wawili wamefaulu mtihani wa ubingwa, profesa mmoja anakwenda pensheni, staji za wanafunzi zimehamishwa toka hospitali ya mjini mpaka ya kijijini. Habari hizo hufika pia kwenye ofisi za jumuiya zetu, kwa sababu hospitali nyingi ambamo vijana hao wanafundishwa ni za makanisa. Mara nyingi zinawekwa kwenye faili na hakuna anayezitaja kwenye kikao. Sisi tunaona kwamba habari za idara moja, ile ya tiba ya familia, zinastahili kusomwa kwa sauti mbele ya halmashauri. Tueleze sababu.

Jina lenyewe linawapotosha watu kidogo. Wakisikia "daktari wa familia", wengi wanafikiri ni daktari wa matajiri, yule anayepigiwa simu usiku na kuja na gari lake. Sivyo. Ni daktari bingwa kama wengine. Amemaliza masomo ya udaktari ya kawaida, kisha ameongeza miaka kadhaa, mara nyingi mitatu au minne, kufuatana na nchi. Tofauti ni kwamba ubingwa wake haukai kwenye kiungo kimoja cha mwili. Bingwa wa macho anajua macho, wa mifupa anajua mifupa. Huyu anafundishwa kumjua mtu mzima pamoja na nyumba anayotoka: mtoto mwenye utapiamlo, mama yake mwenye mimba ya tano, baba mwenye presha asiyetaka kunywa dawa kwa sababu hasikii maumivu, na bibi mwenye sukari anayegawana vidonge vyake na jirani.

Kama somo la chuo kikuu, tawi hili bado ni changa. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa aina hii kilianzishwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1963. Marekani ililitambua kama ubingwa mwaka 1969. Kabla ya hapo, daktari wa kawaida alihesabiwa kuwa yule aliyeshindwa kuendelea na masomo, na tusijidanganye, huku kwetu dharau hiyo ipo mpaka leo. Mzazi akiuliza mtoto wake anasomea ubingwa gani, akajibiwa "tiba ya familia", uso wake unaonyesha kwamba alitarajia upasuaji.

Kuna hesabu moja inayosaidia kuelewa. Mwaka 1961 daktari Mmarekani Kerr White na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia takwimu za Marekani na Uingereza. Walisema: chukua watu wazima 1,000. Katika mwezi mmoja, karibu 750 watapata ugonjwa au maumivu ya namna fulani. Kati yao 250 watamwona daktari. 9 watalazwa hospitalini. 5 watatumwa kwa daktari mwingine. Na mmoja tu atafika kwenye hospitali ya chuo kikuu.

Mmoja kati ya 1,000. Lakini ni pembeni ya kitanda cha huyo mmoja ndipo kijana anafundishwa udaktari karibu wote. Anaona ugonjwa wa nadra mara tatu, na hajawahi kukaa nusu saa na mama ambaye mtoto wake anaharisha kila mwezi. Anajifunza kusoma picha za mashine ambayo hataiona tena. Halafu anapata diploma, anatumwa kwenye hospitali kuu ya rufaa ya kijijini, na siku ya kwanza anakutana na wale 250. Huku kwetu tungesahihisha hesabu hiyo kidogo, kwani wengi wa hao 250 hawamwoni daktari kamwe: wanamwona infirmiye wa kituo cha afya, au muuza dawa wa sokoni, au wanaletwa kwetu sisi wachungaji kwenye chumba cha maombi wakiwa wamechelewa siku nne.

Idara ya tiba ya familia ni jibu la shule kwa tatizo hilo. Inawatoa wanafunzi nje ya hospitali kubwa na kuwapeleka mahali wagonjwa walipo, pamoja na mwalimu anayefanya kazi hapo hapo. Ndiyo maana habari ya kuhamisha staji si habari ya ofisi tu.

Kwa nchi yetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya namna afya yetu ilivyopangwa. Kongo imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni ina hospitali kuu ya rufaa na vituo vya afya vinavyoizunguka, na kituo kinaongozwa na infirmiye titulere, siyo daktari. Zoni nyingi zimeongozwa kwa ushirikiano na makanisa kwa miaka mingi. Mradi wa SANRU, ulioanza mwaka 1981 chini ya Kanisa la Kristo, ulijengwa juu ya mtandao huo wa hospitali za misheni. Katika mpango wa namna hii, daktari wa hospitali ya zoni sherti aweze mambo mengi. Asubuhi anafanya sezariani, mchana anasoma ripoti za surua kutoka vituo kumi na tano, jioni anazungumza na familia isiyoweza kulipa. Ulaya daktari wa familia anakaa kwenye ofisi yake na hashiki kisu. Huku anafundishwa sezariani, henia, ganzi na kutibu mifupa iliyovunjika, kwa sababu hospitali nyingine iko siku moja mbali kwa pikipiki, kama mvua haikunyesha.

Tunakumbuka pia miaka ya Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Wengi waliambukizwa ndani ya vituo vidogo vya matibabu, walipoletwa na homa ambayo kila mtu aliidhania malaria. Wakati ule ule, surua iliua watu zaidi ya 7,000 katika nchi nzima, wengi wao watoto, na magari machache sana ya wageni yalikuja kwa ajili yao. Bingwa wa ugonjwa mmoja anakuja na ugonjwa huo na kurudi nao. Aliyefundishwa kuangalia zoni nzima anabaki na magonjwa yote mawili, na malaria juu yake.

Sasa, namna ya kusoma habari za watumishi wa idara.

Mkuu wa idara akibadilishwa, tuulize yeye mwenyewe amewahi kufanya kazi wapi. Mtu aliyeongoza hospitali ya kijijini anajua kwamba asistanti akitumwa huko bila nyumba atarudi baada ya wiki tatu. Mtu ambaye hakutoka mjini hajui, na si kosa lake.

Mwalimu akienda pensheni, hesabu ni ngumu zaidi. Idara changa nyingi za Afrika zilianza na walimu wageni, wamisionari au maprofesa waliokuja kwa majuma machache. Tunawashukuru. Daktari Daniel Fountain alifika Vanga, katika Kwilu ya leo, mwaka 1961 na akabaki mpaka 1996. Miaka 35 si ya mpita njia. Lakini wengine walikuja na ndege na kuondoka na ndege, na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 tuliona masomo yanayotegemea wageni yanakuwa namna gani. Kwa hiyo, tukisoma kwamba asistanti Mkongomani amepandishwa kuwa shefu wa kazi, au kwamba amepata uprofesa, hiyo ndiyo habari kubwa ya ukurasa ule, hata kama imeandikwa chini kabisa kwa mstari mmoja.

Na wahitimu. Hapa ndipo tunapoumia. Idara inatangaza kwamba mabingwa wapya watatu wametoka. Tunapiga makofi, tunapiga picha, na baada ya mwaka mmoja wawili wako kwenye shirika la kimataifa mjini, wanajaza ripoti. Hatuwalaumu kwa haraka. Shirika linalipa kwa dola na kwa tarehe inayojulikana. Hospitali ya kanisa inalipa kutokana na mapato ya wagonjwa, na mwezi ambao vita imefunga barabara hakuna mapato. Prima ya serikali inafika kwa wengine, kwa wengine haifiki. Tunajua hospitali moja ya jumuiya yetu, hatutaitaja, iliyomtuma daktari wake wa pekee kusomea ubingwa mjini kwa mchango wa waamini, mihogo na mbuzi ziliuzwa, naye hakurudi. Alipoulizwa alijibu kwamba hakuna aliyemwandikia hata barua moja kwa miaka minne, na kwamba nyumba yake ilikuwa imepewa mhasibu. Wazee wa kanisa walikasirika. Lakini majibu hayo mawili yalikuwa ya kweli.

Ubora mmoja wa tiba ya familia ni kwamba inaweza kusomewa bila kumng'oa daktari kabisa. Anafanya sehemu kubwa ya masomo ndani ya hospitali za kijijini, akitibu huku anajifunza. Jirani zetu wametangulia katika njia hiyo. Makerere, Uganda, ilianza mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Moi, huko Eldoret, Kenya, kilianza mwaka 2005 na kuwatuma madaktari wake mpaka hospitali ya Webuye. Chuo Kikuu cha Kabarak kinawafundisha madaktari wa familia katika hospitali za makanisa, kama Chogoria ya Wapresbiteri na Kijabe ya AIC. Ndugu zetu wa CECA 20 watatambua ukoo: Kijabe na hospitali nyingi za Ituri zina babu mmoja, misheni ya AIM. Kama hospitali ya kanisa Kenya inaweza kuwa darasa la chuo kikuu, swali la kuuliza hapa si kama inawezekana, ni nani atakayelipa mwalimu.

Sisi hatukosi msingi. Tuna vyuo vikuu vya Kiprotestanti vyenye fakulte ya tiba: UPC Kinshasa, ULPGL Goma, UEA Bukavu, na huko Bukavu hospitali ya Panzi, ya jumuiya ya CEPAC, inafundisha vijana. Tuna pia mfano wa Nyankunde. Hospitali ile ilijengwa miaka ya 1960 na misheni kadhaa zilizokubali kuweka madaktari wao pamoja ili waweze kufundisha, badala ya kila misheni kuwa na zahanati yake na daktari wake aliyechoka. Tarehe 5 Septemba 2002 ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, wagonjwa ndani ya vitanda. Waliookoka walikimbia kwa miguu mpaka Oicha. Majengo yaliporwa. Hata hivyo kazi ya kutibu na kufundisha iliendelea uhamishoni, kwani walimu walikuwa hai na walikuwa pamoja. Baadaye walirudi.

Tukirudi kwenye mambo ya kila siku: idara ikiandika kwamba inatafuta hospitali za kupokea asistanti, halmashauri isijibu kwa furaha tu. Idara itauliza kama kuna daktari mkubwa anayekaa hapo kila siku na ambaye yuko tayari kufundisha, siyo yule anayepita mara moja kwa juma. Itauliza idadi ya uzazi kwa mwezi, kama labo inafanya kazi, kama damu inapatikana, kama fishi za wagonjwa zinatunzwa. Inaweza kuuliza pia kama daktari mwanafunzi ataruhusiwa kutoka siku moja kwa juma kwenda kwenye vituo vya afya na infirmiye wa hapo, na nani atamlipia mafuta ya pikipiki. Na itauliza atalala wapi. Swali hili la mwisho linaonekana dogo, lakini tumeona maombi mazuri yakikataliwa kwa sababu yake. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, taa ya sola na maji karibu, kinaweza kutayarishwa na parokia mbili kwa msimu mmoja. Kama daktari ana mke au mume, halmashauri iangalie pia kama shule ya jumuiya ina nafasi ya mwalimu, kwa sababu mara nyingi ni mwenzi asiye na kazi anayeamua kwamba familia irudi mjini.